Kukabidhi Zamu

Chukua funguo, Foibe. Huu wenye uzi mwekundu
ni wa kabati la dawa. Usihangaike nao sana,
kabati lenyewe limebaki na chupa ya GV
na mabomba ya sindano ya saizi isiyomfaa mtoto.
Fenobabitoni iliisha Jumanne. Nimeandika barua ya tatu.
Bohari wanasema ipo njiani.
Njia ya wapi, hawakusema.

Vitanda vinane, watoto kumi na wanne,
nesi mmoja: jana mimi, leo wewe.
Upepo wa Julai umeingia usiku kucha pale palipovunjika kioo,
upepo huu wa Dodoma unaolijua kila tundu kwa jina.
Nimeziba kwa boksi la glavu.
Glavu hazimo.

Kitanda cha pili, Sechelela: kifafa mara tatu,
ya mwisho saa tisa na robo. Nilimlaza ubavu
nikahesabu dakika kwa simu yangu, chaji asilimia nne,
nikiomba kimoja kati ya viwili kisizimike.
Mkono ulioungua siku ile alipoangukia mafiga,
mama yake bado anaufunika kwa khanga daktari akipita.
Usimwulize kwa nini walichelewa. Mimi niliuliza.
"Nauli yetu ilikuwa mbuzi, dada, na mnada ni Jumamosi."
Nikaandika: amechelewa kufikishwa.
Faili halina nafasi ya mnada.

Sasa yule wa kitanda cha sita.
Ngoja nikae kidogo, miguu imevimba.

Nyemo, aliyeletwa na mjomba wake kutoka upande wa Bahi,
vifundo vya mikono vina alama ya kamba ya ndama.
Siku kumi na moja hatoi neno.
Mimi mtu wa Muleba nimemsemesha Kiswahili changu chote:
hujambo, unaumwa wapi, jina lako nani, chora nyumba yenu.
Hakuchora. Aliikunja karatasi, akaikunja,
mpaka ikawa ndogo kama punje ya uwele, akaificha shavuni.
Daktari, unajua huja mara moja kwa wiki mbili,
alimtazama dakika sita, foleni imefika getini,
akaandika: haongei, achunguzwe zaidi.
Zaidi ni lini, Foibe?
Zaidi ni nani?

Leo alfajiri Mama Mbeleje anapiga deki,
yule kibarua, mwezi wa tatu huu hajalipwa
na tambara ni la kwake, ndala ni za kwake.
Akafika kitanda cha sita, akainama kuvuta ndoo,
akasema tu, kama unavyomwambia jirani ng'ambo ya uzio wa miiba,
"Mbukwa."

Na mtoto akasema, "Mbukwa."

Basi. Hakuongeza.
Mbeleje akaenda zake na ndoo, hata hakujua kuna alichokifanya.
Mimi nilikuwa na kipimajoto mkononi, nikashindwa kukisoma.

Kitabu cha ripoti kina safu ya joto, ya mapigo,
ya choo, ya dawa iliyotolewa.
Nimeandika pembeni kwa kalamu inayokatakata: kasalimia.
Nikafuta.
Nikaandika tena, kwa kukandamiza.

Na aibu nimeona, sikufichi.
Siku kumi na moja nabisha hodi ukutani,
mlango uko hatua mbili pembeni
na mwenye kuujua analipwa ahadi.

Kwa hiyo leo mwombe Mbeleje akae naye, hata robo saa.
Msimamizi akiuliza nani anadeki, deki wewe.
Au acha vumbi. Vumbi la hapa litarudi tu.
Maji yanatoka saa moja mpaka saa mbili, jaza kila kitu.
Sechelela atangulizwe uji.
Lile neno bado naliboronga, nitalirudiarudia
njiani, mpaka nifike kitandani.

Weka sahihi hapa.
Watoto kumi na wanne.
Funguo umeshachukua.