Urari

Kidato cha pili, Mwalimu Haji Mbwana alitufunza urari
kwa kugonga meza: nane kwa nane,
kina cha kati, kina cha mwisho.
Mshororo ukizidi silabi moja, husema,
"Ndoo hii inavuja."

Sasa niko mwaka wa tatu, uhandisi wa kemikali,
chuo cha Serikali, wanafunzi arubaini, viti thalathini,
na urari umenirudia umevaa nguo nyengine:
kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichobaki.
Basi. Mtihani mzima ni huo.
Mtihani mzima ulinishinda.
Nilipata sapu ya Uhamishaji wa Maada,
nikamwambia mama kwenye simu matokeo yamechelewa.

Mafunzo ya vitendo wakanipangia Pemba, nyumbani,
kiwanda cha kukeneka makonyo, nje kidogo ya Chake.
Kipimajoto cha tangi la pili kimekufa tangu mwaka juzi.
Geji ya presha inaonesha sifuri moto ukiwaka,
sifuri moto ukizimwa.
Bi Mize Kombo, mwendeshaji wa zamu,
husogeza kiganja karibu na bomba, huhesabu mpaka tatu,
"Punguza kuni."
Nikamuuliza, nyuzi ngapi?
Akanitazama kama niliyemuuliza umri wa maji.

Nikapima mwenyewe, gunia kwa gunia,
kwa mizani ile ile ya karafuu
ambayo mkulima huisimamia bila ya kupepesa.
Makonyo makavu, kilo mia sita.
Maabara ya chuo ilisema mna mafuta kilo thelathini na tatu.
Madumuni zikaingia thelathini na moja.
Nikajumlisha tena, nikapima tena dumu tupu.
Kilo mbili. Zimekwenda wapi?

Dokta Ngwali akajibu ujumbe wangu kwa maneno manne:
"Urari haufungi. Tafuta uvujaji."
Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kila nati.
Kiungo kimoja kikatoa mapovu,
madogo, kama ya mtoto anayechezea mate.
Nikakaza. Kesho yake nikapima:
robo kilo imerudi.
Zile nyengine hazikujali spana.

Jioni mama akanipokea mlangoni,
akanusa mtandio wangu kabla ya salamu.
"Unanukia baba yako."

Baba alikuwa mchumaji. Msimu ule, tawi la juu —
kwetu sentensi hiyo haimaliziwi, nami siimalizi.
Mkopo wa Serikali unalipa asilimia sitini ya ada;
arubaini ni vidole vya mama,
vyeusi kwa kuchambua, pishi kwa pishi,
konyo huku, karafuu kule.

Hapo hapo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi,
nikamwambia: nimefeli somo. Narudia Septemba.
Nikamwambia na habari ya kiwanda,
kwa kuwa ulimi ukishafunguka haujui pa kusimama.

Hakuinua uso kutoka kwenye mtandio.
"Hizo kilo zenu zilizopotea," akasema,
"si ndizo hizi?"

Mtandio mmoja haubebi hata gramu, mama.
Lakini usiku nilifungua daftari ukurasa mpya:
mtandio. Nywele za Bi Mize. Koo la mlinzi.
Skuli ya msingi iliyo upande wa upepo,
watoto wakipiga chafya katikati ya hesabu za kugawa.
Chai ya jirani, ambayo hajawahi kuitia kiungo.
Msikiti, safu ya mbele, ovaroli mbili za kiwandani.

Ripoti inataka nambari, na Dokta Ngwali atakata maksi.
Nitaandika: hasara, kilo moja na robo tatu;
chanzo kimoja kimezibwa,
vyengine vinaishi mtaani.
Na wewe Mwalimu Haji, usigonge meza,
najua mishororo hii imezidi.

Septemba nitavuka na kalamu mbili, kikokotozi cha kuazima,
na mtandio ambao mama amekataa kuufua.