Jina la Ng'ombe

Walishushwa na malori kiangazi cha vita,
wazungu wasio na viatu.
Hilo ndilo alilolikumbuka kwanza bibi yangu,
Mwajabu binti Isuja:
mzungu kumbe ana kisigino,
na kisigino chake hupasuka kama cha mtu anayelima.

Wakapewa misonge ya udongo na nyasi, safu kwa safu.
Sisi wa tembe tukacheka.
Nyasi hualika moto.

Jenofa alitoka nchi iliyotafunwa pande mbili
kama muwa mdomoni mwa mapacha.
Alikuwa amepita theluji, amepita Uajemi, amepita bahari,
na kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa
lilikuwa fundo:
nafaka ya kwao, nyembamba, ya kijivu,
konzi isiyojaa.
Njaa yote ile, hakuila.

Mvua ya Desemba ilipogonga akainama nyuma ya msonge,
akachota udongo, akaunusa,
akaulamba kwa ncha ya ulimi.
Bibi, na kibuyu chake cha maziwa kichwani, akasimama.
Hata yeye huulamba hivyo.

Nafaka ikaota. Ikafika magotini.
Februari jua likakaa juu yake
kama mgeni asiyejua kuaga.
Masuke yakatoka matupu.
Jenofa akayapeta hivyo hivyo,
akapeta upepo mpaka jioni,
na bibi akarudi nyumbani akaleta kibaba cha uwele,
akakiweka kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi.

Mkate aliouoka kwa uwele ule ulikuwa mchachu.
Miaka hamsini baadaye bibi bado alikunja uso:
"Ugali uliogombana na mtu."
Lakini aliumaliza.

Maziwa yalilipwa kwa vifungo vya koti,
kibuyu kimoja, kifungo kimoja.
Vilipokwisha, sita, koti likafungwa kwa kamba ya mkonge
na maziwa yakaendelea kwenda,
hesabu ikasahauliwa na wote wawili kwa makusudi.

Siku moja alimshika ndama wetu, yule wa paji jeupe,
akasema, "Kurova."
Machozi yakashuka kwenye vumbi la mashavu,
makorongo mawili madogo.
Akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu vya kwao
hadi vidole vikamwishia.
Bibi hakuelewa hesabu. Alidhani amesikia jina.
Ndama akaitwa Kurova.

Kisha malori yakarudi.
Wengine wamebaki chini ya misalaba, wanajua upepo wetu.
Jenofa hakubaki, wala hakuandika.
Angeandika kwa lugha ipi, na nani angesoma?

Kurova akamzaa Kurova, naye akamzaa Kurova.

Mwaka wa sabini na tisa ikaja amri.
Ardhi ya Kondoa inakimbia, walisema,
na hawakusema uongo:
korongo lilikuwa limeshakula njia ya kisimani
na nusu ya shamba la mjomba Kidunda.
Mifugo yote itoke. Yote.
Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kwato,
wekundu wa hewa, na baba akipiga mluzi
ili asifanye lingine.

Bibi alisimama mlangoni.
Akafungua kiganja cha kushoto,
akaanza kukunja vidole, kimoja, kimoja,
na vilipokwisha akavitazama
kana kwamba ni vya mtu mwingine.
"Mwanamke yule," akasema.
"Sasa ndiyo namsikia."

Leo majani yamerudi kwenye kingo za korongo.
Tunaruhusiwa ng'ombe wa bandani, wa kukatiwa majani,
na mimi ninaye mmoja, nilimnunua kwa alizeti ya misimu miwili.
Vifungo vinne ninavyo. Viwili vilipotelea kwa watoto.

Karani wa maziwa alifungua daftari.
"Jina la ng'ombe?"
"Kurova."
Akaandika, akafuta, akaandika tena.
"Hicho ni Kirangi? Maana yake nini?"

Niliipata maana uzeeni, kwa padri mmoja mgeni,
nikacheka peke yangu njia nzima ya kurudi Bicha.

"Maana yake," nikamwambia, "ng'ombe."