Kalenda ya Daktari wa Macho

Kemi, Januari. Saa tisa mchana, na nje kumeshakuwa usiku.
Nimetandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe zake nimezikandamiza kwa kikombe, chupa ya chumvi,
kiazi kimoja kibichi, na kopo la kahawa lenye akiba yetu:
yuro elfu saba na ushee,
kila noti yanuka kahawa.

Veikko ameuinamia Mto Mara na kioo cha kukuzia,
pua yake inakaribia kulowa.
"Agosti," asema. "Agosti ndipo nyumbu wanapovuka."

Daktari hakutaja Agosti.
Binti mdogo, vidole vya baridi,
alichora duara kwenye karatasi, akalipaka wino katikati.
"Kitakachobaki ni ukingo," alisema.
Yaani ukimtazama simba
utaona nyasi zilizomzunguka.

Nilikuwa nikidhani macho hayana pazia.
Yanalo. Linashushwa taratibu,
na anayelishusha hana haraka wala haya.

Basi Juni. Nyumbu watakuwa popote watakapokuwa.
Nimempigia simu wakala kule Oulu, nimeulizia bei ya mahema,
sindano ya homa ya manjano, kama gari lina paa la kufunguka.
Rauha wa ghorofa ya pili kaja kuazima hamira,
kaiona ramani, kanivuta kando mlangoni:
"Pesa yote hiyo, Tellervo, kwa mtu ambaye..."
Nikampa hamira. Nikampa na sukari, ambayo hakuiomba,
ili mikono yake ijae, aondoke.

Asubuhi tunafanya mazoezi dirishani.
Mimi natazama, yeye ameupa mtaa kisogo.
"Kuna ndege kwenye theluji, mzuri sana."
"Sikukuuliza uzuri. Ana nini?"
"Ana weusi na weupe. Ana mkia mrefu kupita haja yake.
Anatembea kama mtu aliyeazima viatu."
"Haya. Huyo nimemwona."

Tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya pwani.
Yeye aliona siku nne za mchanga ni hasara.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi, chini kabisa,
kwenye meli ya kuvunja barafu:
bahari kwake ni mlio wa kabati la sahani likiburutwa ngazini,
usiku kucha, upande wa pili wa chuma.
Mimi nami nilishanunua vazi la kuogelea, la buluu,
nje ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri;
muuzaji aliniuliza mara mbili kama sijakosea duka.

Siku tatu hatukuitaja ramani.
Ya nne nikamsikia kwenye simu, kwa sauti ya chini, anamwuliza wakala:
"Bahari ya huko, usiku, ikiwa hakuna cha kuvunja,
inasikikaje?"
Wakala akakaa kimya. Kisha akasema
kipo chumba kimoja karibu kabisa na maji, ila bei yake imesimama.
Tukakata usiku mmoja wa mbugani, tukaununua huo mlio.

Leo tumelipa malipo ya awali. Kopo limebaki na sarafu na chenga za kahawa.
Veikko ameweka kioo chake kando, amefumba macho
kabla hayajafumbwa,
amelaza viganja juu ya ramani kana kwamba ina joto.
"Twiga," asema. "Anza."
Sijawahi kumwona twiga ila kwenye shuka la utotoni la mwanetu.
"Nianzie wapi?"
"Chini. Mimi nilizoea chini."
Nikaanzia kwato. Nikapanda goti, nikapanda paja,
nikafika mabaka, nikayahesabu moja moja, bila kusema ni mazuri,
na nilipofika nusu ya shingo
viazi vilikuwa vimeshaungua.