Paundi Ishirini na Nane

Kwanza toa maji, Kibwana.
Chini ya tumbo la kompresa kuna kizibo;
kifungue mpaka kikohoe.
Ona: kikombe kizima, kahawia kama chai iliyolala,
na hata saa tatu haijafika.
Hewa ya Makorora ina jasho lake.
Usipolimwaga hapa litatokea kwenye bunduki,
likuoteshee vipele katikati ya mlango wa mtu.

Sasa washa. Iache ingurume.
Jirani atagonga bati, kama kila siku;
mwambie tunamaliza, kama kila siku.
Tangi likishiba, mota itajizima yenyewe,
jambo ambalo mimi na wewe hatujaliweza.

Usisome geji ya ukutani ukadhani umejua.
Pale inasema hamsini.
Kati ya pale na mkono wako kuna mpira wa mita kumi na tano,
viraka viwili, na kiungo kinachopumulia pembeni;
kila kimoja kinakula njiani, kama hela ya kutumwa.
Funga geji ndogo hapa, kwenye kitako cha bunduki.
Arobaini na mbili. Umefurahi?
Bonyeza.
Umeona ilivyoanguka? Ishirini na moja.
Hiyo ndiyo kweli yake.
Kitu kilicholala hakikwambii nguvu zake;
kipime kikiwa kazini.

Pandisha robo mzunguko. Bonyeza. Robo tena.
Ishirini na nane. Acha hapo.

Mimi nilijifunza kwa hasara.
Boneti ya Pejo ya Bi Mwanasha niliipulizia upepo mchache;
rangi ikatua kwa matone mazito, ikakaukia hivyo hivyo,
ganda la chungwa tupu.
Akapapasa, hakusema neno.
Akaenda kwenye mkokoteni wa machungwa ya Muheza,
akanunua moja, akaliweka juu ya boneti,
akaondoka bila kulipa.
Wiki iliyofuata nikapandisha mpaka sitini:
rangi ikakaukia hewani, ikashuka kama unga,
mtaa mzima ukakohoa wekundu,
na kuku wa Shekue akatembea na bega jekundu mpaka Idi.

Jaribu kwenye boksi la sabuni.
Nataka yai refu.
Ukiona nane, upepo umezidi,
umeikata rangi kiunoni.

Haya. Mlango wenyewe ndio huu, wa pikapu:
KILUA NA MHINA, MKONGE DARAJA LA KWANZA.
Ulikuwa.
Tumeupiga msasa siku mbili, tumeupaka praima.
Fumba macho, upapase. Kuna herufi?
Basi.
Kilua alikuja peke yake, na nusu ya pesa.
"Kijani kitupu," akasema. "Usiandike kitu."
Sikuuliza. Mimi nauza rangi.

Kiganja kimoja na kidogo kutoka kwenye bati.
Mkono wote utembee, toka begani.
Usikunje kifundo kama mtu anayepunga kwaheri:
katikati patalowa, kando patabaki na kiu.
Anza kubonyeza kabla hujafika, achia ukishapita.
Nusu ya mstari huu ilale juu ya nusu ya ule.
Usirudi ulikotoka mpaka pakauke kidogo.
Hapo sasa. Hapo. Usiongee.

Huyo anakuja.
Mwache. Anachuchumaa, analaza kichwa,
anautazama mlango kwa upande, kwenye mwanga,
pale pale lilipokuwa jina la pili.
"Hakuna kitu," namwambia.
"Naona."
Bado anatazama.
"Huu ulikuwa haufungi," anasema,
"mpaka Mhina aupige bega."

Kibwana, fungulia tangi.
Upepo usilale humo usiku kucha.
Na huo mpira ukunje vizuri,
usiukanyage.