Nusu Lita

Miaka ishirini na mitatu nimesukuma mkokoteni wa maji,
mitungi ishirini kila safari, kutoka kisima cha Bondeni
hadi ngazi za Kuze, ambako bomba hukohoa upepo mtupu.
Nimenywesha nyumba nisizozijua sebule.
Nilijua mapipa yao tu.

Leo Dama ananipimia nusu lita.
Huijaza chupa alfajiri, huiweka dirishani,
nayo hunitazama mchana kutwa
kama mwia aliyekuja kudai.

Ilianza miguuni. Ndara zilikataa kuingia.
Nikabonyeza muundi, kidole kikaacha shimo
na shimo likakaa.
Uchovu huo, nikasema. Nikanunua ndara kubwa.

Kisha usiku. Nikilala chali, nazama.
Mto mmoja, miwili, mitatu;
siku hizi nalala nimekaa,
kama mtu anayengoja feri ya kwanza Likoni.

Daktari, kijana mwembamba, akachora ngumi moja
na punje mbili za haragwe.
“Moyo umechoka kusukuma,” akasema.
Hapo nimekuelewa, daktari, mimi ni mtu wa kusukuma.
“Ukichoka, figo hazipati haki yake.
Zisipopata, huzuia maji na chumvi,
na maji hayo humrudia moyo.”
Nikauona mkokoteni kilimani,
na nyuma yangu mtu, kila hatua,
anaongeza mtungi.

Mimi nilidhani kiungo huugua
kimejifungia mlango, peke yake.
Kumbe mwili ni nyumba za Majengo:
ukuta mmoja, watu wawili,
jiko la huyu ni kikohozi cha yule.

Ngozi yawasha bila upele, najikuna kwa gunzi.
Mdomoni nina ladha ya sarafu.
Kucha zimekuwa nyeupe, maana figo, kumbe,
ndizo zilizokuwa zikiagiza damu itengenezwe,
na mimi nilizidhani za mkojo tu.
Mifupa inauma kwa ndani, mahali mkono haufiki.
Siku moja jina la mjukuu lilinipotea
naye yupo mbele yangu, ananishika goti.
“Babu, mimi Karembo,” akasema, bila kuudhika.
Na yale ya mume na mke
siyasemi. Dama ameyafunika kwa shuka.

Ng'onda, marufuku. Achari, marufuku.
Mbaazi za nazi kwa kiasi cha kuonja, ndizi hapana.
Hata dafu! Dafu nililoambiwa tangu utoto ni dawa,
sasa laweza kuusimamisha moyo.

Jumanne na Ijumaa, mashine.
Mkono wa kushoto wameunga mshipa kwa mshipa;
ukitega sikio unavuma.
Karembo hulala juu yake, anasikiliza.
“Babu, una nyuki.”

Kiti cha pili ni cha Bi Shariffa.
“Mimi zilianza figo, moyo ukafuata.
Wewe ulianza moyo. Haya,
tumekutana kivukoni,” hucheka, kisha hushika mguu,
msuli umekaza.
Muuguzi husoma: “Mzee Nzai, tumetoa lita tatu.”
Nami hesabu ya zamani hainitoki:
lita tatu, si hata robo ya mtungi,
na zilinishinda kubeba.

Jioni nafika nimekauka kama dagaa,
sina nguvu ya kuvua shati.
Chini mtaani apita kijana aliyeununua mkokoteni wangu.
Namjua kabla hajaita: gurudumu la kushoto linalia.
Nimemwambia dirishani, kwa pumzi niliyokuwa nayo,
“Tia grisi. Likichoka hilo,
la kulia litabeba mzigo wa mawili.”
Akapunga mkono. Sijui kama alisikia.

Kwenye chupa imebaki vidole viwili.
Kuna vidonge vinne vya kumeza,
na usiku bado.