Kimo cha Watu Wawili

Kiangazi si kitu: jiwe jeusi lenye doa la unyevu,
kama ukuta alioegemea mtu mwenye jasho.
Mgeni kutoka Kasulu mjini akiuliza yako wapi maporomoko
utaona haya kumwonyesha.
Ndiyo maana hayana jina. Sisi wa Heru Juu
tunasema tu "kule yanakoanguka",
na anayejua, anajua ni mwezi gani.

Leo ni Machi. Mvua imepiga siku nne
bila kutua hata kumeza mate.
Kaka yangu Gwimo ametangulia na panga,
mimi nyuma, ndani ya mabuti ya marehemu baba,
namba kumi, yanayonimeza hadi magotini
na kila hatua yanatoa mlio wa busu la mlevi.
Hatujasemezana tangu matanga.
Asubuhi alisimama mlangoni, akasema, "Mwakeye,"
kisha, akiutazama mwamvuli wangu, si mimi:
"Mama anataka kujua kama mfereji umeziba."

Mfereji!
Mama hajauliza habari za mfereji
tangu shamba likatwe vipande viwili
kwa kamba ya katani, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Njia imeliwa. Udongo mwekundu unateleza kama mawese.
Siafu wamefunga barabara, tunawaruka.
Chini ya mtundu uyoga umechomoza,
mweupe, mwororo, mwingi,
wa kumfanya mtu mzima avue shati aufungie humo.
Gwimo anaupita.
Nami naupita.
Ujue hasira ni kubwa
Waha wawili wakiupita uyoga.

Kwanza unayasikia tumboni,
kama gari la mizigo lililosimama nje na halizimwi.
Halafu baridi. Halafu miti inaachana kidogo
na hayo hapo,
yamevimba, yana povu la rangi ya chai ya maziwa,
yanajitupa bila kutazama chini,
yanabeba majani, vijiti, mzinga wa nyuki wa mtu,
yanainuka tena moshi.

Ni madogo. Sitawadanganya, ni madogo.
Kimo cha watu wawili,
mmoja akiwa mabegani mwa mwenzake.
Najua, kwa sababu tulipima:
Agosti moja, mimi miaka sita, yeye kumi na mmoja,
vidole vyangu vikashika ukingo wa juu wa jiwe
na yeye chini anatetemeka, anauliza,
"Umefika? Umefika?"
Nilikuwa nimefika kitambo.
Nilinyamaza tu ili nisishushwe.

Sasa amesimama ndani ya rasharasha,
midomo inacheza.
"Nini?" nikasema, na sikujisikia mwenyewe.
Akaendelea. Maneno marefu. Mkono ukachora mstari
hewani, ukaufuta.
Akapangusa uso, lakini pale kila uso umelowa,
huwezi kumshika mtu kwa ushahidi huo.
Nami nikasema yangu, yote,
ile kamba, ile mibuni mitatu,
yale ninayoyasema usiku nikiwa peke yangu na dari.
Nilipiga kelele hadi koo likauma.
Maji yakachukua ya kwake, yakachukua ya kwangu,
yakashuka nayo kuitafuta Ruchugi,
na Ruchugi itayakabidhi Malagarasi,
na huenda yakifika Uvinza
yatakuwa yamekolea chumvi.

Njiani kurudi akauliza, bila kugeuka,
"Ulikuwa unasemaje kule?"
"Wewe ulikuwa unasemaje?"
Akakata kitawi ambacho hakikutuzuia.
"Mfereji haujaziba," akasema.

Nikakaa juu ya gogo kumwaga maji ya mabuti,
la kushoto, halafu la kulia,
na nilipoinua macho
alikuwa chini ya ule mtundu, kifua wazi,
shati limetandazwa matopeni.
"Mama alitaka uyoga," akasema.

Mama hajasema lolote kuhusu uyoga.
Nikalikusanya shati kwa pembe zote nne,
nikalishika, yeye akachuma.