Safu ya Nne

Jedwali nililichapa mie, Jumapili,
Ibra ikitokota nje ya kontena la ofisi,
kiyoyozi kikikohoa, kikinyamaza, kikikohoa.
Safu ya kwanza, namba.
Ya pili, kazi.
Ya tatu, siku.
Ya nne, mhusika.

Mstari wa kwanza hadi wa kumi na tatu haukututoa jasho.
Nondo, Sivadasan. Nyaya, Mrisho wa Tanga.
Vibali vya manispaa, Bwana Thuwaini,
anayewajua wote pale mpaka anayechemsha chai.
Tulipofika kumi na nne,
kufunga valvu ya tangi kila usiku,
wakaanza kutazamana.
Sivadasan akasema, maji si zege.
Mrisho akasema, maji na umeme havilali chumba kimoja.
Thuwaini akatazama saa.
Biriani lilikuwa limeshafika, harufu imejaa,
nami, ili tule,
nikaandika: Timu.

Neno zuri, Timu.
Halina simu ya mkononi.
Halina zamu, halina kitambulisho,
halina mke wa kumwambia leo nitachelewa.
Ukiliita saa nane za usiku
haliitiki.

Jumatano tangi lilijaa, likafurika,
maji yakateremka taratibu, kwa adabu zake,
mpaka ghala la saruji.
Mifuko mia mbili na kumi.
Asubuhi tuliikuta imeketi palepale, kila mmoja jiwe,
umbo la mto wa kulalia,
jina la kiwanda bado lasomeka.

Kikaoni nilihesabu "nilidhani".
Sivadasan tatu. Mrisho mbili.
Thuwaini moja, kwa Kiarabu, ndefu.
Mie sikusema kitu, kwa hivyo sikujihesabu.

Wajibu tuliukosea jina wiki nzima.
Lawama ilipata lake kabla chai haijapoa:
Rafiqul, mlinzi wa usiku,
aliyeajiriwa kulinda nondo zisiibiwe,
ambaye jedwali hatukumwonesha
wala hayumo ndani yake.
Riyali arubaini zikatwe.
Alitia dole gumba kwenye karatasi,
kisha akauliza, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
"Hiyo valvu iko wapi?"

Usiku ule nililala kwa shangazi, upande wa falaji.
Kazaliwa Mkunazini, kaja huku mtu mzima,
mpaka leo huota kwa Kiswahili.
Ana nusu saa ya maji, urithi wa bibi yake,
kila siku ya nane, saa tisa kasorobo za usiku.
Kipande hicho wenyeji hukiita athari;
nasi twaliita hivyo lile linalobaki
jambo likishapita.
Daftari la falaji lina majina mia na kitu.
La yatima limo. La msikiti limo.
La marehemu limo, mpaka warithi wagawane.
Hakuna palipoandikwa "Wenyeji".
"Tungeandika hivyo," alisema akitafuta makubadhi,
"mitende ya chini ingekuwa kuni zamani."

Nilimfuata na tochi.
Aliinama, akatoa jiwe na tambara mdomoni mwa mfereji,
maji yakageuka, yakaingia kwake.
Hatukuzungumza sana.
Nusu saa ilipotimia, jirani yake Muhenna
alikuwa keshasimama pale, kanzu kaikunja magotini.
Hakuna aliyemwita.

Jumapili nikalifungua tena jedwali.
Nikafuta Timu. Herufi nne tu.
Kufunga, Mrisho.
Kuhakikisha, Rafiqul, baada ya kupelekwa
akaishika valvu kwa mkono wake;
akiikuta wazi, ampigie Mrisho, namba hii.
Mrisho alinuna mpaka mchana. Anune.

Halafu nikashuka chini kabisa, mstari mpya.
Kazi: kurejesha riyali arubaini.
Siku: leo.
Kwenye safu ya nne kishale kikapepesa, kikapepesa.
Viatu vilikuwa vinakuja juu ya changarawe,
na harufu ya biriani mbele yao.
Nikaandika jina langu,
na la baba, na la babu,
kama lilivyo kwenye pasi.